Mbali na Meza Kuu: mwongozo kwa kijana wa Ngulyati anayekwenda kusomea uandishi wa habari

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kama umeomba kusoma uandishi wa habari na unasubiri ukiwa Ngulyati, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, miezi hiyo usiifanye ya kukaa kijiweni. Utafika Nyegezi, au Mlimani, au Dodoma, ukute wenzako waliokulia mjini wanashika kamera kwa mazoea na wanaongea kwenye kipaza sauti bila kutetemeka. Hayo utayapata ndani ya muhula mmoja. Unachokijua wewe kitawachukua wao muda mrefu zaidi. Unajua AMCOS ni nini bila kufafanuliwa. Unajua mvua ya Novemba ikichelewa ni nyumba zipi zitakazokosa chakula Februari. Unajua pia diwani akikwama humpigia nani simu.

Tatizo ni kwamba maarifa hayo huwa yanapotea njiani. Chukua magazeti ya zamani, hata yale yanayofungia maandazi dukani, utafute habari zilizotoka Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu au Busega. Nyingi zinaanza na cheo: mkuu wa mkoa amewataka, mkuu wa wilaya ameagiza, mbunge ametoa wito. Mkulima akitokea, yuko aya ya mwisho, anashukuru. Si uvivu wa waandishi peke yake. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli ni yake, na gari la msafara wa kiongozi lina nafasi. Basi anakwenda kiongozi anakokwenda, anarudi na alichosema kiongozi.

Mwongozo huu umeegemea upande mmoja na nakuambia mapema: misingi ya uripoti hujifunzwa vizuri zaidi ukiwa mbali na meza kuu. Maneno ya meza kuu utayapata hata ukichelewa, maana yanarudiwa. Kinachotokea ghalani, zahanatini au kisimani usipokuwepo hukipati tena.

Anza na mizani

Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamechoka kupunjwa na wanunuzi. Wakaweka watu wao kando ya mizani ili kila mzigo upimwe na uhakikiwe mbele yao. Katika harakati hizo ndimo jina la mwanaushirika Paul Bomani lilimokua, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria, moja ya mashirika makubwa ya wakulima Afrika wakati huo. Watu waliosimama kwenye mizani hawakuwa waandishi, lakini kazi yao ndiyo utakayofundishwa mwaka wa kwanza kwa jina la uhakiki: usikubali namba kwa sababu aliyeitaja ana sauti nzito.

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida Mei, na ghala la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) liko karibu na ulipo. Hilo ndilo darasa lako. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, umweleze wewe ni mtoto wa nani na unafanya nini. Sungusungu wakiona kijana anazungukazunguka ghala na daftari watataka kujua, na wana haki ya kutaka. Usijiite mwandishi wa habari. Sema unajifunza, ni kweli, na kisheria hilo ndilo unaloruhusiwa kusema kwa sasa.

Tuseme (namba zinazofuata ni za kujifunzia tu) umekuta mama amekasirika. Anasema nyumbani alipima pamba yake ikawa kilo 62, ghalani zimekuja kilo 58. Bei ni Sh1,200 kwa kilo. Mwanafunzi mwenye haraka tayari ana kichwa cha habari: wakulima waibiwa. Wewe kaa chini.

Kukaa chini nakumaanisha hasa. Usimhoji mama wa Kisukuma mkiwa mmesimama juani, wewe na simu mbele ya uso wake. Msalimie, mwangaluka mayu, umuulize habari za nyumbani na za mvua, kisha umwombe ruhusa ya kurekodi na umweleze sauti hiyo itakwenda wapi. Anza na maswali anayoyajibu bila kufikiri: amelima ekari ngapi, alianza kuvuna lini, nani alimsaidia kubeba. Akishatulia ndipo uulize swali ambalo vyumba vyetu vya habari hulisahau mno: umejuaje? Kilo 62 umezijuaje? Kwa mizani ya nani? Ilipimwa lini, pamba ikiwa imekauka au ina umande?

Andika katika daftari, na pembeni mwa kila mstari weka herufi moja. O kama umeona mwenyewe. A kama umeambiwa, na jina la aliyekuambia. H kama umesoma kwenye hati. Risiti ya ghala yenye kilo 58 ni H. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa kwenye mizani, au nafasi tupu mahali pa stika, ni O. “Wanatupunja kila mwaka” ni A, hata kama wamesema watu ishirini. Jioni ukisoma ukurasa ukakuta umejaa A tupu, bado huna habari, una malalamiko. Malalamiko yana thamani yake, lakini ni mwanzo wa kazi.

Sasa hesabu. Kilo 4 mara Sh1,200 ni Sh4,800. Kilo 4 katika 62 ni kama asilimia 6.5. Kama chama kimepokea tani 100 kwa msimu na kila mzigo umepungua kwa kiwango hicho, ni zaidi ya tani 6 zisizo na mwenyewe. Hapo Sh4,800 za mama zimegeuka kuwa habari. Lakini neno “kama” katika sentensi hiyo limebeba mzigo mkubwa, na huwezi kulitoa mpaka umeona mizigo mingine ikipimwa. Tafuta wakulima wengine waliopima nyumbani kwa mizani tofauti. Uliza ni nani hakupungukiwa. Muulize karani wa ghala anakata nini na kwa nini. Na usimpe mkulima utakatifu kwa sababu ni maskini: kuna wanaomwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili uzito upande, na wanunuzi wana kisa chao cha kusimulia. Huenda pia mizani mbovu ni ile ya nyumbani.

Kisha nenda kwa wanaotuhumiwa. Mwenyekiti wa chama, kampuni inayonunua, ofisi ya Wakala wa Vipimo, Bodi ya Pamba. Kwenye chumba cha habari watasema unatafuta mizania, na wengine huitafuta dakika kumi kabla ya gazeti kufungwa ili waandike “hakupatikana alipotafutwa kwa simu”. Mizania ya kweli ni kumpa mtu tuhuma nzima, yenye namba na tarehe, pamoja na muda wa kuijibu. Mwenyekiti akikuambia mizani ilihakikiwa mwezi uliopita, mwombe cheti. Akikupa, andika H. Akikataa, andika kwamba alikataa, usiongeze lako.

Utaona habari yenyewe haijaandikwa bado na umekwishatumia siku tatu. Ndivyo ilivyo. Kuandika ni sehemu fupi.

Aya ya kwanza

Chuoni utafundishwa maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Utafundishwa na piramidi iliyogeuzwa, yaani lililo zito juu, dogo chini, mhariri akikosa nafasi akate kutoka mkiani. Hayo yanafundishika kwa saa moja. Kinachochukua miaka ni kujua lipi zito.

Tazama aya ya kwanza hii, ambayo waandishi huiita intro: “Mkuu wa wilaya amewataka viongozi wa vyama vya ushirika kufanya kazi kwa weledi na uadilifu ili kuondoa changamoto zinazowakabili wakulima.” Maneno zaidi ya kumi na tano, na ndani hamna kitu. Hakuna aliyepunjwa, hakuna kilo, hakuna shilingi. Ukibadilisha wilaya na mwaka inafaa kokote. Linganisha na hii: “Wakulima saba kati ya kumi waliopima pamba yao nyumbani kabla ya kuipeleka ghalani wanasema mizani ya chama chao imepunguza kati ya kilo 3 na 5 kwa kila mzigo, madai ambayo mwenyekiti anayakanusha.” Humo kuna saba kati ya kumi, siyo “wakulima”. Kuna wanachodai, na neno “wanasema” limekaa mahali pake. Kuna upande wa pili katika sentensi ileile. Mkuu wa wilaya, kama amesema jambo la maana, anaingia aya ya nne.

Msimu wa 2019 ni mfano mzuri wa kujipima. Serikali ilitangaza bei elekezi ya Sh1,200 kwa kilo, bei ya pamba katika soko la dunia ikawa imeshuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakiwa wamekabidhi pamba bila kupewa fedha. Habari hiyo ungeweza kuiandika kutoka ukumbini, kwa ahadi ya kiongozi kwamba kila mtu atalipwa. Ungeweza kuiandika kutoka nyumbani kwa mkulima aliyetegemea fedha ile kwa ada ya shule. Na ungeweza kuiandika kutoka soko la New York, ambako bei hupangwa na watu wasioijua Simiyu. Mwandishi mzuri angezifunga zote tatu pamoja. Jaribu kuiandika leo kwa maneno 300 ukitumia unayoyakumbuka na unayoweza kuwauliza wazee wako. Kumbuka kuweka O, A na H.

Kuhusu lugha, kuna maneno ambayo ukiyafuta habari inapona yenyewe: wadau, changamoto, kwa upande wake, ametoa rai. “Kupelekea” acha kabisa; sema kusababisha. “Majeruhi wamekimbizwa hospitali” waandishi huandika hata pale majeruhi alipobebwa kwa baiskeli saa nzima. Andika baiskeli. Andika saa nzima. Na mtu akikujibu kwa Kisukuma, liandike neno lake kwa Kisukuma kwanza, ndipo ulitafsiri, kisha umsomee tafsiri yako. Wenzako wasiojua lugha hiyo watamtegemea mkalimani, mara nyingi ni mtendaji wa kijiji, na mtendaji akitafsiri malalamiko dhidi ya mtendaji unaweza kukisia kinachobaki.

Majina yana taabu ya pekee kwetu. Jina lenye ng' au nh likifika Dar es Salaam hurudi limenyolewa. Usiandike kwa kusikia. Omba kitambulisho, nakili herufi kwa herufi, kisha mpigie mhariri msaidizi umwambie kibainishi kile si kosa la chapa.

Namba nazo uziheshimu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.58 katika eneo ambalo mwaka huohuo lilikuwa limefanywa Mkoa wa Simiyu. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 2.14. Ongezeko ni kama asilimia 35. Kwa hiyo mganga mkuu akikuambia wagonjwa wa malaria wameongezeka kwa asilimia 20 ndani ya miaka hiyo kumi, kabla hujaandika “malaria yazidi kushika kasi”, gawanya. Ukilinganisha na idadi ya watu, wamepungua.

Gamboshi na maneno ya usiku

Huwezi kutoka Bariadi ukafika chuo chochote nchini bila mtu kukuuliza kuhusu Gamboshi, kijiji kinachovuma kwa hadithi za uchawi. Watakuuliza kama ni kweli usiku inawaka taa kama jiji. Wewe umeizoea hadithi, huenda una ndugu huko, na unajua mchana ni kijiji chenye shule, mashamba na ng'ombe. Vyombo vya habari vimekwenda Gamboshi mara nyingi kuifuata hadithi hiyo, na mara nyingi vimerudi nayo vilevile ilivyokuwa, imeongezwa chumvi.

Mimi nasema Gamboshi ni mtihani mzuri wa mwanafunzi kuliko somo lolote la nadharia. Kwamba watu wanasimulia mambo hayo ni ukweli unaoweza kuuripoti. Kwamba mambo hayo hutokea ni dai, na hakuna O wala H yake. Baina ya sentensi hizo mbili kuna maisha ya watu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na kuvuta moshi miaka hamsini hayahitaji maelezo mengine. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa enzi ya Waingereza mwaka 1928 na bado ipo, inamfanya anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji. Mwandishi anayeandika jina la bibi fulani na kijiji chake, halafu akajikinga kwa neno “anadaiwa”, ameandika anwani.

Yupo aliyeripoti mambo ya aina hii vizuri. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alikuja Kanda ya Ziwa kufuatilia mauaji ya watu wenye ualbino. Alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaingia kwa waganga na kusikia kwa masikio yake viungo vya binadamu vikitajiwa bei. Alitishiwa maisha mpaka ikabidi ajifiche, na mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri kwa waandishi wanawake. Usikimbilie kumwiga. Kujificha utambulisho ni hatua ya mwisho, inayochukuliwa na mwandishi mzoefu, mhariri wake akijua, pale ambapo jambo ni zito na hakuna njia nyingine. Cha kumwiga ni kwamba hakutosheka na “inasemekana”. Alikwenda kusikia.

Ukishafika chuoni

Ukichaguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), basi lako litapita Lamadi na Magu, litaingia Mwanza, na utapanga Malimbe kama wanafunzi wengine. Chuo kilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi chini ya maaskofu Wakatoliki, kikawa chuo kikuu 1998, na vyumba vya habari vya nchi hii vimejaa watu waliopita pale. Ukienda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shule ya uandishi ya pale ina mizizi katika Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania cha mwaka 1975. Usitaabike sana na jina la chuo. Taabika na jambo hili: katika muhula wa kwanza, ni mara ngapi umetoka nje ya geti na daftari?

Maana unaweza kumaliza mwaka mzima ukiwa unajibu mitihani juu ya habari bila kuandika hata moja. Nadharia za mawasiliano zisome, zitakufaa baadaye. Lakini jiwekee sharti la habari moja kwa wiki, ya kitu ulichokiona, hata kama hakuna atakayeichapa. Mwanza inakupa Mwaloni Kirumba kwa bei ya dagaa, mahakama kwa kesi zinazosikilizwa hadharani, stendi ya Nyegezi kwa nauli. Mahakamani jifunze mapema kwamba mtoto hatajwi jina, wala hatajwi baba yake, wala shule yake ikiwa kijiji kina shule moja.

Kuna zoezi la maktaba ambalo ni rahisi na linauma. Chagua tukio moja, usome lilivyoandikwa siku hiyohiyo na Mwananchi, Nipashe na HabariLeo. Hesabu sauti zilizosikika katika kila habari. Wangapi wana cheo? Wangapi ni wanawake? Nani alikuwepo lilipotokea? Fanya hivyo kwa wiki nne na hutahitaji tena mhadhara wangu kuhusu meza kuu.

Jiunge na Radio SAUT FM au redio yoyote ya chuo utakachofika, hata kama ndoto yako ni gazeti. Redio hukuvua sentensi ndefu. Ukishaishiwa pumzi katikati ya aya yako mwenyewe, hewani, watu wakisikiliza, utajua pa kuweka nukta. Na zamu ya mazoezi kwa vitendo ikifika, darasa zima litataka kwenda Dar es Salaam, ambako mtakuwa wengi katika chumba kimoja mkigombania kiti. Fikiria kurudi mkoani. Sibuka FM iko Maswa. Klabu ya waandishi wa habari ya Simiyu ipo. Katika chumba chenye watu wachache utapewa kazi ya kweli siku ya pili, siyo kutumwa chai.

Bahasha, karatasi na hatari

Ukienda na waandishi kwenye semina, mwishoni utaona foleni ndogo kwenye meza ya mhasibu. Bahasha ina jina la upole, nauli, na kwa mwandishi asiye na mshahara kweli wakati mwingine ndiyo nauli. Sitakuambia wote wanaoichukua ni wala rushwa. Wenye vyombo wanaowaajiri watu bila kuwalipa wana sehemu yao ya lawama. Lakini angalia kinachotokea kesho yake: habari ya semina inatoka, ya kisima kibovu haitoki, kwa sababu kisima hakina mhasibu. Amua msimamo wako ukiwa mwanafunzi, wakati bado una pa kulala na chakula cha mkopo.

Sheria zilizo muhimu kwako ni chache. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kiwango cha chini cha elimu ni stashahada ya fani hii. Bodi ya Ithibati ndiyo inayotoa vitambulisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na kundi la WhatsApp la kijiji nalo ni mtandao. Kufungua “tivii ya mtandaoni” kwa simu na kipaza sauti chenye nembo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kama wafanyavyo vijana wengi, ni kujitafutia kesi. Upande wa kukusaidia, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya 2016 pia, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, nayo ofisi ina siku 30 za kujibu. Andika barua, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uitunze. Hata kukaa kimya kwao ni H.

Hatari zipo, na mwalimu asiyezitaja anakudanganya. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini katikati ya polisi. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, aliondoka na watu wasiojulikana Kibiti mwezi Novemba 2017 na hajaonekana tena. Wote wawili walikuwa waandishi wa mikoani. Kwa hiyo ukienda kwenye habari yenye watu wenye silaha au fedha nyingi, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi, utamwona nani, na saa ngapi utapiga simu. Usiende peke yako. Picha zitume kabla hujaondoka eneo la tukio.

Kalenda ya nyumbani

Tengeneza kalenda ya mambo yanayojirudia, maana habari nyingi zinajulikana tarehe kabla hazijatokea. Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni na kuwekwa mtandaoni. Tafuta kurasa za halmashauri za mkoa wako, uone hoja ipi imerudi kila mwaka. Mei, pamba. Julai mwaka wa fedha unaanza, na bajeti iliyopitishwa ina mstari wa barabara au zahanati ambao unaweza kwenda kuutazama kwa macho. Agosti ni Nane Nane pale Nyakabindi, uwanja uliobeba maonesho ya kitaifa kwa miaka mitatu kuanzia 2018; uliza majengo yale yanatumika vipi miezi mingine kumi na mmoja. Novemba, mbegu na viuadudu vya pamba: vimefika lini, kwa bei gani, na nani amekatwa deni la pembejeo ambazo hakuzipokea.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Ukirudi likizo, uliza ulifanyika lini mara ya mwisho na uombe kuona muhtasari. Ukikuta tarehe ya ujao imepangwa, fika mapema na nakala ya hesabu zilizosomwa mkutano uliopita, ili namba zikitajwa uziweke sambamba palepale. Mtendaji akikuuliza umetumwa na nani, mwambie huo ni mkutano wa wananchi nawe ni mwananchi wa kijiji hicho. Halafu usikae mbele alikokuonyesha. Kaa nyuma, kwa wanaonong'ona.